Maji Niliyomwaga Kabiria

Mtoto yule alizaliwa Jumatatu na akafa Jumamosi, na katika siku zake zote sita mimi nilimwona kwa muda usiofika nusu saa. Hata hivyo hapiti wiki bila kumfikiria.

Nilikuwa fomu ya kwanza katika shule ya sekondari ya Wakatoliki, upande wa magharibi wa Nairobi, mahali ambapo lami ilikwisha na udongo mwekundu ukaanza. Sikumaliza mwaka pale, kwa hiyo masomo yangu nayahesabu kuwa ya praimari tu. Baba yangu, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu kule Hurlingham, aliamini kwamba nilishindwa na masomo, nami sikumsahihisha.

Sikuwa msemaji. Nikiulizwa swali darasani, jibu lilikuwa tayari kichwani lakini lilikwama kooni, na mwalimu alipokwisha kumgeukia mwingine ndipo lilipolegea. Wenzangu waliniita Bubu. Hawakuwa na ubaya sana. Wakati wa chakula mmoja angesema, "Bubu ameomba chumvi," na wote wangecheka, kisha chumvi ingeletwa kweli.

Kila Jumamosi, baada ya kufagia mabweni, wanafunzi waliojiandikisha katika kikundi cha huduma walitoka wawili wawili kwenda kwa wagonjwa, wajane na wazee wa Kabiria, Riruta na Kawangware. Tulibeba unga wa mahindi, sabuni ya mche iliyokatwa vipande, na nguo kuukuu zilizotolewa na familia za Wagoa, Wahindi Wakatoliki wa Parklands, zinazonuka naftalini. Wakati mwingine nguo hizo zilichekesha. Mzee mmoja wa Riruta tulimpelekea suruali ya suti iliyoweza kumtosha yeye pamoja na jirani yake. Aliifunga kwa kamba ya katani, akatushukuru, halafu akauliza kama mwenyewe alikufa au alipasuka.

Padri mkuu wa shule ndiye aliyekianzisha kikundi hicho. Alikuwa Mzungu mrefu aliyetembea ameinamia mbele kama mtu anayepanda mlima hata penye tambarare. Alikuwa na utaratibu ambao aliurudia kila Ijumaa jioni: mkubwa mdomo, mdogo mikono. Alisema watu wenye shida huchoshwa na vijana wawili wanaoongea kwa pamoja. Basi katika kila jozi mkubwa ndiye angebisha hodi, angesalimu, angeuliza habari na kusali kwa sauti, na mdogo angebeba mzigo, angechota maji, angepasua kuni na kufagia. Kwangu mimi hakuna sheria ya shule iliyonifaa kama hiyo. Nilipangwa na kijana wa fomu ya tatu, mtu wa kwetu, magharibi mwa nchi, mwenye sauti nzuri ambayo Padri aliitumia kusoma masomo kanisani. Yeye alisema na mimi nilifanya, na kwa miezi mitano hatukugombana hata mara moja.

Tulifundishwa pia namna ya kubatiza mtu aliye karibu kufa ikiwa padri hayupo. Padri alitufundisha jioni moja, sote kwa pamoja, kabla ya kwenda kulala. Nilikuwa nimekaa nyuma na nilikuwa na usingizi. Naamini aliyasema yote yaliyohitajika, lakini nilichokishika mimi ni kwamba maji lazima yatiririke juu ya ngozi, si juu ya kitambaa. Tangu siku hiyo kila jozi ilibeba chupa ya maji safi katika mfuko. Yetu ilikuwa ya soda, imezibwa kwa gunzi la hindi.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na Jumamosi hiyo askari wa kizuizi alituweka muda mrefu. Aliisoma barua ya shule mara mbili, akatia mkono katika unga hadi kwenye kiwiko kutafuta kitu ambacho hakikuwamo, akaufuta mkono wake kwenye koti la Mgoa tulilobeba. Tulipofika Kabiria jua lilikuwa limeshapita utosini.

Mama tuliyemwendea alikuwa mtu wa Ukambani. Aliishi katika chumba kimoja cha udongo na mabati, akifua nguo za watu. Mume wake alifanya kazi ya reli huko chini upande wa Voi na alipata likizo mara moja kwa mwaka. Tulimjua vizuri, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa amezika watoto wawili, mmoja wa surua na mmoja wa kifua, na wote wawili walilala katika makaburi ya misheni nyuma ya shule yetu, sambamba, kila mmoja na msalaba wake wa mbao. Jumapili baada ya misa alipita pale kung'oa majani.

Tulimkuta amelala. Alijifungua Jumatatu na damu ilikuwa haijakatika. Mtoto, msichana, alikuwa kando yake, macho yake ya manjano, na tangu Alhamisi hakuwa amenyonya. Mwenzangu alisalimu na kuuliza habari kama kawaida yake, lakini mama hakuijibu salamu.

"Hii haiwezi kufika kesho," alisema. "Padri ako wapi?"

Mwenzangu akamweleza kwamba Padri alikuwa mjini akiungamisha, na kwamba angerudi jioni.

"Jioni ni mbali. Wale wawili alibatiza yeye mwenyewe. Huyu nataka aende kwa ndugu zake, si alale peke yake kichakani kama paka." Alimgusa mtoto shavuni kwa kidole kimoja. "Nyinyi mlifundishwa. Fanyeni."

Mwenzangu alimchukua mtoto kwa mikono miwili, akasogea naye mlangoni palipokuwa na mwanga. Mama aligeukia ukutani, nadhani kwa sababu hakuweza kutazama. Mimi nilitoa chupa na kuzibua gunzi. Nilidhani mwenzangu angenipa mtoto, achukue chupa. Hakunipa. Aliniambia, "Wewe mwaga," na hilo lilionekana sawa kabisa kwangu, kwa kuwa kila kazi tuliifanya hivyo. Akaanza kuyasema maneno, polepole na kwa sauti safi, na kwa kila jina la Utatu mimi nilimwaga maji kidogo juu ya kichwa kile, nikihakikisha yanafika kwenye ngozi. Mama alikuwa ametupa jina la mtakatifu aliyemchagua. Tukasali. Nikapasua kuni, nikachota madebe mawili ya maji, tukaondoka.

Jioni ile, bwenini na mezani, mwenzangu aliisimulia habari hiyo. Hakudanganya, lakini kila aliposimulia alisema, "Nilimbatiza," na wavulana wa fomu zote walimtazama kama mtu aliyerudi kutoka mbali. Mmoja akaniuliza mimi nilikuwa wapi. Mwingine akamjibu kwa niaba yangu kwamba Bubu alikuwa akilinda unga. Wakacheka. Nilikula ugali wangu. Kitu kilinichoma, nami nilijua hata wakati ule kwamba kilikuwa wivu.

Asubuhi ya Jumapili mtu alikuja kutoka Kabiria kabla ya misa ya kwanza. Mtoto alikuwa amefariki usiku. Katekista mzee, aliyeyatunza makaburi, hakungoja kuambiwa, akachukua jembe na kuchimba kaburi dogo pembeni mwa yale mawili, katika nafasi iliyobaki kati yao na ua. Baada ya misa mama alifika mwenyewe, ameshikwa mkono na jirani yake, na mtoto akiwa amefungwa katika shuka nyeupe. Sijui alitembeaje. Waliketi kwenye benchi la baraza la ofisi, na Padri alitoka akampa pole, akamwambia mtoto wake sasa yuko pamoja na malaika. Kisha akatuita ndani mimi na mwenzangu ili aandike ubatizo huo katika kitabu kabla ya mazishi.

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Kutoka pale niliposimama niliona ncha ya kitambaa cha kichwa cha mama.

Padri alikuwa na furaha ya aina yake, furaha ya mwalimu. Alitupongeza. Alifungua kitabu kikubwa, akaandika jina la mtoto, la baba, la mama. Halafu akauliza ni nani aliyebatiza.

"Mimi, Padri," mwenzangu alisema.

Padri alichovya kalamu. Hakuniuliza mimi kitu. Hakuna aliyenitazama. Na mimi, niliyeshindwa kujibu hata nilipoulizwa mji mkuu wa Uganda, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka bila kukwama:

"Maji nilimwaga mimi."

Kalamu ilisimama. Padri aliniangalia kana kwamba nimeingia chumbani wakati ule. Akaniomba nirudie, nikarudia, na nikaongeza, kwa sababu nilidhani anapendezwa, kwamba mwenzangu alimshika mtoto na kuyasema maneno, na mimi nilimwaga mara tatu na maji yalitiririka juu ya ngozi. Sikuwa nimewahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake. Akamgeukia mwenzangu, ambaye alikuwa ameanza kuelewa, naye akaitikia kwa kichwa.

Padri aliiweka kalamu chini. Alisema tungoje, akaenda chumbani kwake kuangalia kitabu cha sheria za Kanisa.

Tulitoka barazani. Mama alikuwa amesikia kila neno, na ingawa hakujua sheria, alijua uso wa Padri alipopita. Alinishika mkono wa shati.

"Kijana, akirudi mwambie umechanganya. Mambo ya jana, mtu anaweza kuchanganya."

Mwenzangu aliniambia jambo lile lile kwa lugha ya kwetu, kwa haraka, mdomo karibu na sikio langu. Niseme alimshika mtoto kwa mkono mmoja na chupa kwa mkono wa pili. Nani angejua? Tulikuwa watatu tu mle ndani, na mmoja alikuwa ametazama ukuta.

Ningeweza. Nimeipima nafasi ile mara nyingi, na haikuwa ndogo. Padri alikaa na kitabu chake muda mrefu, na aliporudi alinipa nafasi nyingine pana zaidi. Aliniita peke yangu mlangoni, akashusha sauti.

"Usiogope. Fikiri vizuri. Mkono uliomwaga maji ulikuwa wa nani?"

Sasa naamini alitaka nibadilishe. Wakati ule sikuona hivyo. Niliona padri ananiuliza juu ya sakramenti, na nilikumbuka tulivyofundishwa kuhusu anayesema uongo katika jambo kama hilo, na moto, na umilele. Katika dakika ile nilikuwa nikiifikiria roho yangu mwenyewe, si ya mtoto.

"Wangu," nilisema.

Alifumba macho kidogo. Kisha akaenda kwa mama, akachuchumaa mbele ya benchi, yeye mtu mrefu vile, magoti yakilia, akamwambia kwamba ubatizo haukuwa ubatizo, na kwamba hawezi kumlaza mtoto katika ardhi iliyobarikiwa.

Mama hakulia. Aliuliza kama mtu anayedai haki yake dukani.

"Kwani maji haikuwa maji?"

"Yalikuwa maji, mama."

"Na maneno haikuwa maneno?"

"Yalikuwa maneno."

"Basi nini ilikosekana?"

"Mtu mmoja," Padri alisema. Akamweleza kwamba anayeyasema maneno ndiye lazima amwage maji, yeye mwenyewe, kwa wakati uleule, na kwamba wawili wakigawana kazi hiyo hakuna aliyebatiza. Alisema Mungu ana njia ambazo hakutuonyesha. Alisema sheria hii hakuitunga yeye.

Mwenzangu, ambaye hakuwahi kubishana na Padri, alisema, "Lakini Padri, ni wewe uliyetuambia mkubwa mdomo, mdogo mikono."

Uso wa Padri uliwaka mwekundu hadi masikioni. Alisema hakumaanisha katika jambo hili, na kwamba jioni ile alitufundisha waziwazi. Huenda alitufundisha. Mimi nilikuwa nasinzia, na mwenzangu, kama alivyokiri kwangu baadaye, alidhani mwenye kubatiza ni yule mwenye maneno, kwa kuwa kanisani siku zote mtumishi wa altare ndiye hubeba maji.

Katekista aliambiwa. Alinikabidhi jembe. Kaburi lililokuwa wazi halikuweza kuachwa hivyo, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kulifukia tupu. Niliwahi kufukia makaburi kabla ya hapo, lakini hilo ndilo pekee ambalo udongo wote ulirudi ndani, na hakuna kilichobaki juu. Tuliusawazisha kwa miguu. Watoto wa shule ya praimari waliotoka katekisimu walisimama wakatutazama, wakaulizana ni nani aliyezikwa bila watu.

Mama alikuja taratibu mpaka kwenye yale makaburi mawili, akasimama katikati yao, akaangalia ua wa michongoma uliokuwa mbele yake. Halafu alizunguka. Ilimbidi atoke kwa lango la misheni, ashuke barabarani na arudi nyuma ya ua kupitia shamba la viazi, na jirani alimshika kiunoni njia nzima. Tulipomfikia alikuwa ameshapata mahali. Alituelekeza kwa mguu: hapa, mkabala na ndugu zake, karibu na ua kadiri jembe linavyoweza kuingia.

Haikuwa rahisi. Mizizi ya michongoma ilikuwa imeenea kila upande, na tuliikata kwa panga mmoja mmoja. Mwiba ulinichoma kiganjani na ukakatikia humo. Mwenzangu alichimba akiwa amevaa shati lake la kusomea kanisani, na hakulivua. Kutoka ndani ya shimo ungeweza kuona, kupitia chini ya ua, udongo mwekundu wa upande wa pili tuliotoka kuusawazisha.

Padri alikuja. Hakuvaa stola wala hakuleta maji ya baraka. Alisimama mbali kidogo katika shamba la viazi, kofia mkononi, kama mtu mwingine yeyote aliyepita njiani akakuta mazishi. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Katekista alimshusha mtoto. Mama aliuliza kama hata Baba Yetu imekatazwa, kisha akaianza mwenyewe kwa Kikamba, na jirani akamfuata. Sisi hatukukijua Kikamba, kwa hiyo tulisimama kimya mpaka wakamaliza.

Ijumaa iliyofuata Padri alifundisha upya. Alileta kibuyu kiwe badala ya kichwa cha mtoto, akakiweka mezani, na kila mwanafunzi wa kikundi alipaswa kuja mbele peke yake, kukimwagia maji na kuyasema maneno kwa wakati mmoja. Wengine walifanya haraka na kwa sauti kubwa. Zamu yangu ilipofika nilishika kikombe, nikamwaga, lakini maneno hayakutoka. Padri alikijaza kikombe tena. Nikamwaga tena. Maji yalienea mezani, yakadondoka sakafuni, na hakuna aliyecheka. Mara ya tatu aliniondolea kikombe mkononi kwa upole, akaniambia niketi.

Unga wa mama wa Kabiria uliendelea kupelekwa, lakini Padri alituhamishia Kawangware na kuipa jozi nyingine njia yetu. Wiki ya tatu nilimwomba mwenzangu aende na mzigo peke yake, nikapita kwenda Kabiria. Njiani nilipanga nitakachosema. Kilikuwa kifupi, sentensi mbili tu.

Nilimkuta nje, akifua. Alikuwa amekonda lakini alisimama mwenyewe. Aliniona, akatazama nyuma yangu kama anamtafuta mwenye kusema, akaona niko peke yangu. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Shuka ya Mzungu ilikuwa mikononi mwake, nzito kwa maji, akanipa ncha moja. Tukaikamua, yeye akisokota huku na mimi kule, tukainyoosha, tukaianika. Tukakamua ya pili. Sentensi zangu mbili zilikuwa zimekwama palepale zinapokwama siku zote.

Katika shuka ya tatu alisema, bila kuniangalia, "Yale maji ilikuwa baridi?"

Nilimwambia yalikuwa baridi. Chupa ilikuwa mfukoni kando ya unga, unga uliiweka baridi.

"Alishtuka?"

"Alishtuka. Alifumbua macho."

"Alilia?"

"Hapana. Alifumbua macho, akaangalia juu, halafu akayafumba."

Alikaa na ncha ya shuka mkononi. "Mimi nilikuwa nimegeuka," alisema. Baadaye alisokota, nami nikasokota, na maji yakatoka. Tulipokwisha kuzianika zote, alifuta mikono kwenye kanga, akaniambia kwamba mimi sina kosa la kusema kweli, lakini nisirudi tena, kwa sababu akiniona anaona mkono wangu tu.

Nilirudi kwa njia ya Riruta. Mwenzangu alikuwa amekaa langoni na mfuko mtupu, akiningoja ili tuingie pamoja, kama sheria ilivyotaka. Aliniuliza kama nilimkuta. Nikamwambia sikumkuta, mlango ulikuwa umefungwa, na jibu hilo lilitoka upesi kabisa, bila kukwama popote.